Boma, Baraza na Mfuko: Historia ya Utawala wa Mji wa Songea

Miji mingi ya bara la Tanzania ilizaliwa kutokana na vituo vya kijeshi vya Wajerumani, yaani maboma, vilivyowekwa mahali ambapo mtawala alitaka kuwa karibu na watu aliokusudia kuwatoza kodi na kuwaadhibu. Wafanyabiashara, shule, masoko na makazi vilikuja baadaye kuvizunguka vituo hivyo. Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, ni mojawapo ya miji inayoonyesha historia hiyo kwa uwazi mkubwa, kwa kuwa kwa zaidi ya karne moja wakazi wake wametawaliwa kwa mifumo iliyobuniwa kwingine na kugharimiwa kwa fedha ambazo mara nyingi ziliondoka mjini kabla ya kuufanyia mji chochote. Makala haya yanafuatilia mifumo hiyo mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja unapimwa kwa swali lile lile: kodi inayotoka katika nyumba, shamba na kibanda cha mkazi inakwenda wapi, na nani ana haki ya kuuliza imefanya nini.

Ungoni kabla ya boma

Ungoni, nchi ambayo Wajerumani waliikuta, ilikuwa na dola zake. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika wakati wa Mfecane, yaani vita na uhamaji mkubwa uliofuatana na kukua kwa dola ya Wazulu katika miaka ya 1820; kundi la Zwangendaba lilivuka Mto Zambezi mwaka 1835 na hatimaye kufika Ufipa, ambako kiongozi huyo alifariki dunia katika miaka ya 1840 na wafuasi wake wakagawanyika. Waliokuja upande wa mashariki wa Ziwa Nyasa walilikuta kundi lingine la Wangoni, la Maseko, lililokuwa limetangulia, na baada ya kulifukuza katika miaka ya 1860 waliunda dola mbili: Njelu upande wa kusini, chini ya ukoo wa Gama, na Mshope upande wa kaskazini, chini ya ukoo wa Tawete.

Mkuu wa kila dola aliitwa nkosi, na chini yake walikuwapo manduna, yaani viongozi waliokuwa makamanda wa vita na wakati huo huo wasimamizi wa maeneo na watu waliomo. Raia wengi wa dola hizo hawakuwa na asili ya kusini, kwani Wandendeule, Wanindi, Wamatengo, Wapangwa na wengine walitiwa ndani ya mfumo huo kwa vita, kwa ndoa au kwa kutafuta ulinzi. Ulikuwa utawala wa mabavu ambao haufai kupambwa. Hata hivyo ulikuwa na sifa moja iliyokuja kupotea, kwamba nduna aliishi katikati ya watu wake, alijulikana kwa sura, na nguvu yake ilipimwa kwa idadi ya watu waliokubali kubaki naye. Miongoni mwa manduna wa Njelu, Songea Mbano alikuwa na nguvu na sifa kubwa kiasi kwamba jina lake ndilo lililopewa kituo ambacho Wajerumani walikianzisha mwaka 1897, na kutoka kituo hicho likawa jina la mji na la wilaya.

Kodi ya nyumba na vita vya Maji Maji

Boma lilikuja pamoja na kodi. Kodi ya nyumba, iliyotangazwa kwa koloni zima la Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1897 na kuanza kutozwa mwaka uliofuata, ilidai kwa kawaida rupia 3 kwa kila nyumba, na asiyekuwa na fedha alitakiwa kulipa kwa mazao au kwa nguvu zake. Lengo lake halikuwa kujaza hazina ya serikali peke yake, kwa kuwa lililokusudiwa pia ni kumlazimisha mkulima aingie katika uchumi wa fedha, auze mazao au auze kazi yake. Katika sehemu nyingi za kusini utozaji huo ulisimamiwa na maakida na majumbe, yaani maofisa wenyeji au wa kutoka pwani waliowekwa na serikali juu ya vijiji, ambao hawakuwajibika kwa wanakijiji hata kidogo. Kwa maneno mengine, nyumba ya mkazi wa Ungoni iliingizwa katika daftari la kodi miaka mingi kabla mkazi mwenyewe hajaingizwa katika baraza lolote.

Vita vya Maji Maji vilivyoanza Umatumbi mwezi Julai 1905 vilifika Ungoni kabla ya mwaka huo kwisha, na viongozi wa Njelu na Mshope wakajiunga. Tarehe 21 Oktoba 1905 jeshi la Kapteni Nigmann liliwashambulia Wangoni katika kambi yao ya Uwereka, na baada ya hapo vita vikageuka kuwa msako. Wajerumani walichoma vijiji, maghala na mashamba, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya vifo vyote katika maeneo ya vita ni kati ya 75,000 na 300,000, na Ungoni ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Tarehe 27 Februari 1906 Nkosi Mputa Gama na wenzake wengi walinyongwa Songea, na Nduna Songea Mbano akanyongwa siku chache baadaye, wakati Nkosi Chabruma wa Mshope alikimbilia upande wa Msumbiji.

Mahali walipozikwa ni katika eneo la Mahenge, karibu kabisa na katikati ya mji wa leo. Kumbukumbu ya mji inahesabu mashujaa 67: wengi wao wamo katika kaburi moja refu la halaiki, na kaburi la Songea Mbano liko peke yake pembeni. Miongoni mwa wanaokumbukwa ni Nkomanile, mwanamke pekee aliyehesabiwa katika viongozi walionyongwa. Makumbusho ya Taifa ya Maji Maji yaliyopo hapo huwa kitovu cha maadhimisho ya kila mwaka mwishoni mwa Februari, na tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikutana hapo na wazao wa Songea Mbano na kuomba msamaha kwa niaba ya nchi yake, huku familia ikiendelea kudai fuvu la mzee wao linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Kwa historia ya utawala, maana ya Februari 1906 ni nzito kuliko msiba wenyewe: tabaka zima la viongozi waliojua kutawala nchi hiyo liliondolewa katika muda mfupi sana, na pengo hilo likajazwa na watu waliochaguliwa na boma.

Mji wa maofisa, nchi ya manamba

Waingereza walioichukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliiweka Wilaya ya Songea katika Jimbo la Kusini, ambalo makao yake yalikuwa Lindi, mamia ya kilomita kuelekea pwani. Kuanzia mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, ulitumika utawala usio wa moja kwa moja, yaani utaratibu wa kuwatumia watawala wenyeji kukusanya kodi, kuamua kesi ndogo na kutoa amri kwa niaba ya serikali. Wakuu wa Njelu na Mshope walirudishiwa heshima ya madaraka, na hazina za wenyeji zikaundwa ili sehemu ya kodi ibaki kulipia mahakama, barabara ndogo na mishahara ya watumishi wa mamlaka hizo. Kwa njia hiyo sehemu ya kodi ilibaki nyumbani kwa mujibu wa sheria. Hata hivyo fedha hiyo ilisimamiwa na mkuu aliyewajibika kwa Mkuu wa Wilaya, ambaye watu walimwita Bwana Shauri, na mlipakodi hakuwa na njia ya kudai hesabu.

Mji wenyewe ulikuwa mdogo na uligawanywa kama miji mingine ya koloni: nyumba za maofisa karibu na boma, maduka ya Wahindi katika mtaa wa biashara, na makazi ya Waafrika kando, ambako ndiko kulikoanzia maeneo yanayoitwa hadi leo Majengo. Kwa miaka mingi Peramiho, kituo cha Wabenedikto kilichoanzishwa mwaka 1898 kiasi cha kilomita 24 kutoka Songea, kilikuwa na hospitali, karakana, mtambo wa kuchapa vitabu na shule za kiwango ambacho makao makuu ya wilaya hayakukifikia. Serikali ilikuwa Songea, lakini huduma nyingi ambazo mwananchi alizihitaji zilitolewa na kituo hicho cha Peramiho.

Uchumi wa wilaya uliegemea mambo mawili. La kwanza ni uhamaji wa vibarua: bila reli na bila barabara ya kutegemewa, mkulima wa Songea alipata shida kuuza mazao, kwa hiyo maelfu ya wanaume walikwenda kuwa manamba, yaani vibarua wa mkataba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, na wengi walikaa huko miaka mingi. La pili ni tumbaku ya kukaushwa kwa moshi, ambayo ilianza kustawi kama zao la biashara karibu na mwaka 1930. Mwaka 1936 wakulima wa tumbaku na wale wa kahawa ya Umatengo waliunganishwa katika chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, kilichojulikana kama Ngomat, mojawapo ya vyama vikuu vya mwanzo kabisa nchini. Ngomat kilikusanya, kilipima na kuuza, kilikata fedha ya uendeshaji, na kilikuwa na mikutano ambamo mwanachama aliweza kuinuka na kuuliza bei. Kwa wakazi wengi wa Songea, somo la kwanza la kuchagua viongozi na kukagua mahesabu lilitoka katika ushirika wa mazao, miaka mingi kabla ya halmashauri.

Uhuru, Litowa na Madaraka Mikoani

Uhuru wa mwaka 1961 ulileta mabadiliko ya haraka. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria, na mwaka huo huo Mkoa wa Ruvuma ukaundwa kutokana na Jimbo la Kusini, na Songea ikawa makao makuu ya mkoa. Ofisi, nyumba za watumishi na magari ya serikali viliongezeka, na kwa kuwa vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianza mwaka 1964 ng'ambo ya Mto Ruvuma, mkoa ukawa pia eneo la kijeshi na njia ya wakimbizi. Mji ulikua kwa sababu serikali ilikua, wala si kwa sababu ya kiwanda au biashara kubwa, na hali hiyo imeendelea kuathiri mapato yake.

Katika miaka hiyo hiyo jaribio la aina nyingine lilifanyika nje kidogo ya mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kikundi cha vijana wa chama tawala cha TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha kijiji cha Litowa, wakilima pamoja na kuamua mambo yao katika mikutano ya wanakijiji. Vijiji vingine vilifuata mfano huo hadi vikafika kiasi cha 17, vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, vikawa na shule yenye sifa, na hata kuendesha mashine ya kusaga nafaka mjini Songea. Rais wa nchi, Mwalimu Julius Nyerere, aliupenda mfano huo na ulimsaidia kuiwaza siasa ya vijiji vya ujamaa; lakini viongozi wengi wa chama mkoani na taifani waliona chombo kinachojiamulia mambo bila kuwapitia wao kuwa ni tishio, na mwezi Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikipiga marufuku chama hicho na mali zake zikachukuliwa. Jambo lililokomeshwa Litowa lilikuwa kubwa kuliko chama kimoja cha wakulima, kwa kuwa ulikuwa ushahidi kwamba watu wa Songea, wenye elimu ndogo na mtaji mdogo, waliweza kupanga, kukusanya na kutumia fedha zao hadharani.

Miaka mitatu baadaye nchi nzima iliingia katika mfumo wa Madaraka Mikoani. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, zile za miji zikafuata muda mfupi baadaye, na kazi zao zikapewa maofisa wa serikali waliopelekwa mikoani na wilayani. Kusudi lililotajwa lilikuwa kusogeza maamuzi karibu na wananchi. Matokeo yake yalikuwa kwamba maofisa ndio waliosogea, na wananchi wakabaki bila diwani wa kumwajibisha. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa, na mamlaka za mazao zikachukua nafasi yao, hivyo katika muda wa chini ya miaka kumi Songea ikapoteza Litowa, halmashauri na ushirika. Mifereji iliziba, taka zilirundikana na barabara za mitaa zikaharibika katika miji mingi ya Tanzania, hadi sheria ya mwaka 1978 ikarudisha halmashauri za miji. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri hadharani mwaka 1984 kwamba kufuta serikali za mitaa na ushirika kulikuwa makosa.

Baraza linarudi

Msingi wa utawala wa sasa ni sheria za mwaka 1982, hasa Sheria Namba 8 inayohusu mamlaka za miji na Namba 9 inayohusu fedha za serikali za mitaa, pamoja na sera ya maboresho ya mwaka 1998 iliyotangaza ugatuaji wa madaraka, yaani kuhamisha maamuzi, watumishi na fedha kutoka serikali kuu kwenda halmashauri. Songea ilipanda kutoka halmashauri ya mji hadi manispaa katika muongo wa kwanza wa karne hii. Manispaa hiyo ina kata 21, na idadi ya wakazi wake imepanda kutoka zaidi ya 130,000 katika sensa ya mwaka 2002 hadi zaidi ya 200,000 mwaka 2012 na zaidi ya 280,000 mwaka 2022.

Muundo wake una pande mbili. Upande mmoja upo uwakilishi: madiwani wa kata wanaochaguliwa, pamoja na wale wa viti maalumu na wabunge, huunda Baraza la Madiwani na kumchagua Mstahiki Meya kutoka miongoni mwao. Upande wa pili upo utendaji: Mkurugenzi wa Manispaa, ambaye ndiye msimamizi mkuu wa fedha na watumishi, huteuliwa na Rais, na juu ya halmashauri wapo Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa, ambao nao ni wateule wa Rais. Baraza linaweza kupitisha bajeti na kuhoji, lakini haliwezi kumwajiri wala kumfukuza mtu anayeishika kalamu ya malipo.

Ngazi ambayo mkazi huiona kwa macho yake ni serikali ya mtaa. Mtu anayetaka kufungua akaunti ya benki, kuomba kitambulisho cha taifa, kumdhamini ndugu yake mahakamani au kuuza kiwanja hana budi kupita kwanza katika ofisi ya mtaa, ambayo aghalabu ni chumba kimoja chenye meza, benchi, daftari la wageni na muhuri. Mjumbe wa eneo lake huthibitisha kwamba anamfahamu, mtendaji huandika barua ya utambulisho, na mwenyekiti huitia sahihi na muhuri. Mtendaji ni mwajiriwa. Mwenyekiti amechaguliwa na wananchi, hana mshahara isipokuwa posho ndogo, na ndiye anayegongewa mlango usiku wakati kuna ugomvi, wizi au msiba. Sheria inataka mapato na matumizi yasomwe katika mkutano mkuu wa mtaa, na pale inapofanyika hivyo, kodi hupata sura ya mkataba kati ya majirani. Pale mikutano isipoitishwa, muhuri hubaki kuwa alama pekee ya serikali.

Mfuko usiojaa

Udhaifu mkubwa wa manispaa uko katika mapato. Kodi ya maendeleo, iliyotozwa kila mtu mzima na kuchukiwa kwa namna ilivyokusanywa kwa misako, ilifutwa mwaka 2003, na ada za leseni za biashara zikapunguzwa mwaka uliofuata. Ushuru wa mazao, ambao kwa mkoa unaozalisha mahindi mengi kama Ruvuma ni chanzo muhimu, ulishushwa mwaka 2017 kutoka kiwango cha juu cha asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyotolewa kuanzia Desemba 2018 kwa shilingi 20,000 viliwapa wamachinga nafuu ya kweli dhidi ya kufukuzwa na kunyang'anywa bidhaa, na wakati huo huo viliziondolea halmashauri ushuru mdogo mdogo wa kila siku. Kila hatua ilikuwa na hoja nzuri upande wa mlipaji, lakini zote ziliamuliwa Dodoma au Dar es Salaam, na fidia iliyotolewa ilikuwa ruzuku yenye masharti ya mtoaji.

Kodi ya majengo ndiyo inayoonyesha tatizo hili kwa ukaribu zaidi, kwa kuwa duniani kote ndiyo kodi inayohesabiwa kuwa ya asili kwa mji: nyumba haihami, na barabara au mfereji unaopita mbele yake huipandisha thamani. Ukusanyaji wake ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania mwaka 2016, na tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Mkazi wa kata ya Lizaboni au Mfaranyaki anayenunua umeme kwa simu hupokea ujumbe wenye tarakimu 20 za kuingiza katika mita, na pamoja nazo orodha ya makato: kodi ya ongezeko la thamani, tozo ya mdhibiti wa nishati na maji (EWURA), tozo ya umeme vijijini (REA), na mara moja kwa mwezi kodi ya jengo, iliyoanza kwa shilingi 1,000 na kupanda hadi 1,500 mwaka 2022 kwa nyumba ya kawaida. Njia hiyo ni rahisi na haina misako. Hata hivyo inamtoza mwenye kununua umeme, ambaye mara nyingi ni mpangaji badala ya mwenye nyumba, na inaifikisha fedha hazina kuu kabla halmashauri haijapata mgawo. Miaka zaidi ya 120 baada ya rupia 3 za boma, nyumba ya Songea bado hulipa kodi ambayo njia yake huanzia nje ya mji.

Hali kama hii haiko Afrika peke yake. Nchini Marekani miji midogo inayopakana na majiji makubwa, iliyojengwa kama viunga vya kwanza kabla na baada ya Vita Kuu ya Pili, ina serikali zake zinazotegemea kodi za wakazi na maduka yaliyomo ndani ya mipaka yake. Wenye kipato kizuri na maduka makubwa walipohamia mbali zaidi, viunga hivyo vilibaki na nyumba za zamani, mabomba yaliyochakaa na wakazi wasioweza kulipa zaidi. Mji wa Ferguson, karibu na St. Louis, ulijulikana duniani baada ya kijana Mweusi kuuawa na polisi mwezi Agosti 2014, na ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani ya Machi 2015 ilionyesha kwamba mji huo ulikuwa umeigeuza mahakama yake kuwa chanzo cha mapato, ukiwatoza watu Weusi faini juu ya faini. Ferguson ilikuwa na mamlaka ya kutoza bila uchumi wa kutozwa. Songea ina uchumi unaokua bila mamlaka kamili ya kuutoza. Hatari inayotokea pande zote mbili ni ile ile: mji ukikosa kodi ya haki na ya kudumu, huwageukia wanyonge wanaofikika kwa urahisi, wakiwemo mama lishe, muuza mboga na dereva wa bodaboda.

Kata za ndani na mji unaopanuka

Songea ya leo haijasimama. Barabara ya lami kutoka Makambako ilifika katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza, na baadaye lami ikaelekea Namtumbo, Tunduru na Masasi upande mmoja, na Mbinga hadi Mbamba Bay upande wa pili. Gridi ya Taifa ilifika mwaka 2018 kwa njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako, na hivyo kumaliza miaka mingi ya kutegemea jenereta za dizeli ambazo ziliufanya mtaji wa kiwanda chochote kuwa wa mashaka. Maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula yanaufanya mji kuwa kituo kikubwa cha mahindi nchini, na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka hupita hapo kuelekea bandari ya Mtwara. Mgodi, lakini, uko katika wilaya nyingine, na ushuru wa huduma, ambao ni sehemu ndogo ya mauzo ya kampuni, hulipwa katika halmashauri ambako biashara inafanyika, hivyo Songea hubaki na vumbi, foleni na uchakavu wa barabara.

Ndani ya mipaka yake mji unasukumwa nje. Chini ya mpango wa kuimarisha miji uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambao Songea ilikuwa mojawapo ya miji 18 iliyohusika, zilijengwa barabara za lami za mitaa, na stendi kuu mpya ya mabasi pamoja na machinjio ya kisasa vikawekwa Kata ya Tanga, nje ya katikati ya mji. Viwanja vilivyopimwa, nyumba mpya na taasisi vinafuata barabara kuu, ambapo ardhi ipo. Kata kongwe za ndani, kama Majengo, Mfaranyaki, Lizaboni, Misufini na Bombambili, ndizo zinazobeba msongamano: nyumba zenye wapangaji kadhaa katika uwanja mmoja, vichochoro visivyopitika na gari la zimamoto, mashimo ya vyoo yaliyo karibu mno, na biashara ndogo ambazo ziliishi kwa wasafiri wa stendi ya zamani. Kupanua mji nje ni kazi ya lazima, lakini inavutia pia kwa sababu mradi mpya huonekana na hupata mfadhili, ilhali kufumua mfereji wa zamani hakuna anayekata utepe.

Dawa zipo, na hakuna hata moja inayohitaji kubuniwa upya. Sheria ya mwaka 2018 inayoilazimisha kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu imeonyesha kwamba fedha ya mji inaweza kufungwa kisheria kwa ajili ya wakazi wa mji. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya udhaifu wa usimamizi na kurejeshwa mwaka uliofuata, jambo linalofundisha kwamba haki ya kupata fedha haidumu bila uwazi wa mahesabu. Kwa mantiki hiyo hiyo kodi ya majengo inaweza kuendelea kukusanywa kwa LUKU na sehemu yake kubwa ikarudi moja kwa moja katika manispaa ilikotoka, kwa kiwango kilichoandikwa katika sheria badala ya kutegemea uamuzi wa kila bajeti, na sehemu ya marejesho hayo ikatengewa kata kongwe kwa mifereji, vichochoro na majitaka. Mikutano ya mitaa, nayo, ikiitishwa kama sheria inavyotaka, itampa mkazi wa Lizaboni nafasi ya kuuliza juu ya shilingi 1,500 zake swali ambalo mwanachama wa Ngomat aliuliza juu ya bei ya tumbaku yake.

Historia ya Songea inaonyesha kwamba watu wake hawakuwahi kukosa uwezo wa kujitawala. Walikuwa nao katika ushirika na walikuwa nao Litowa, na kila mara uliondolewa kwa amri iliyotoka juu, kwa jina la amani, la umoja au la ufanisi. Manispaa imerudishiwa baraza, kata na muhuri. Kinachobaki ni kurudishiwa mfuko wake pamoja na wajibu wa kuutolea hesabu mbele ya wanaoujaza, na bila mambo hayo mawili kwenda pamoja, cheo cha manispaa kitaendelea kuwa kikubwa kuliko mamlaka yake.